Orodha ya Mjamzito: Vitu Tulivyoanza Kubeba Kwenda Hospitali

Huku kusini, kila kliniki ya wajawazito niliyopata kufanya kazi ilikuwa na orodha yake. Mahali pengine iliandikwa kwa wino mzito na kubandikwa ukutani, mahali pengine nesi aliitaja kwa mdomo huku akimpima mama tumbo: mpira wa kutandika mita mbili, glavu, pamba, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, kanga safi, beseni, sabuni, daftari. Binti mwenye mimba ya kwanza huipokea orodha hiyo bila kuuliza, akaanza kudunduliza. Mama yake naye alifanya hivyo hivyo, na kwa sababu hiyo wengi hudhani mambo yamekuwa hivyo tangu hospitali zijengwe.

Hayakuwa hivyo. Nilianza kazi ya ukunga miaka ya 1970 ikielekea ukingoni, na nilistaafu baada ya kuwatumikia marais kadhaa. Niliviona vitu hivyo vikiingia kwenye kikapu cha mgonjwa kimoja kimoja, na kila kimoja kina wakati wake na sababu yake. Historia ya matibabu nchini mwetu huandikwa kwa majengo na sera. Mimi naijua kwa kikapu, na anayetaka kujua yaliyompata mgonjwa wa Tanzania tangu Uhuru namshauri aanzie hapo.

Bibi yangu alijifungulia nyumbani watoto wake wote, kijiji kisicho mbali na Masasi. Matibabu ya kizungu aliyoyajua yalikuwa ya wamisheni: Waanglikana wa UMCA walikuwa na hospitali Lulindi, Wabenediktini walikuwa Ndanda. Serikali ya Mwingereza ilimfikia kupitia dresa, kijana aliyefunzwa kufunga vidonda na kugawa dawa chache kwenye kibanda cha serikali ya kienyeji. Wazee wa rika la bibi walipenda sindano kuliko dawa yoyote ya kunywa, na walikuwa na haki, maana katika miaka ya 1920 sindano za buba ziliponya vidonda vilivyokuwa vimewatesa watu tangu utotoni. Mtu aliyeona mguu wa nduguye ukikauka baada ya sindano chache hawezi kukusikiliza ukimwambia kidonge kinatosha. Mpaka nilipostaafu nilikuwa nakutana na wajukuu zao wakidai sindano.

Mijini nako mgonjwa alipokelewa kwa rangi yake. Dar es Salaam ya Wajerumani ilipata hospitali mbili mwaka 1897: ile ya Ocean Road, ufukweni, kwa ajili ya Wazungu, na nyingine iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri Mhindi wa Bagamoyo, kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Sewa Haji alifariki mwaka huohuo. Hospitali yake ilidumu mpaka mwaka 1956, ilipofunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru tuliiita Muhimbili. Ukienda Muhimbili leo utakuta jengo la wodi lenye jina la Sewa Haji. Uhuru ulipoondoa ubaguzi wa rangi, gredi zilibaki: ya kwanza na ya pili kwa wenye kulipia, ya tatu kwa umma. Hilo halikunikera sana nilipokuwa kijana, kwa kuwa gredi ya tatu ya wakati ule ilikuwa na shuka.

Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha kwamba Mwingereza alituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Kwa nchi yenye watu wapatao milioni 9, hao hawakutosha hata kuipa kila wilaya daktari mmoja. Mwaka 1964 ilitoka ripoti ya jopo la Profesa Richard Titmuss kutoka London, iliyoshauri Tanganyika isimalizie fedha zake kwenye hospitali kubwa za mijini, ijenge vituo vya afya karibu na watu. Ushauri huo ulichelewa kushika. Likaja Azimio la Arusha la 1967, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 TANU ikaamua kwa dhati kwamba mwanakijiji ndiye wa kwanza. Mwaka 1961 vituo vya afya vijijini vilikuwa 22 nchi nzima. Ilipofika 1980 vilikuwa vimepita 200, na zahanati zilikuwa zaidi ya 2,000.

Miaka ile nilikuwa mwanafunzi, na nakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 walijiandikisha katika vikundi vya kusikiliza redio. Katika kijiji chetu redio iliwekwa juu ya meza ya mwenyekiti, tukakaa chini ya mkorosho kusikiliza habari za malaria, kichocho na maji ya kunywa, kisha watu wakashika majembe wakachimba vyoo. Baba yangu alichimba cha kwake katika wiki ile ya kwanza. Nilichagua uuguzi kwa sababu ya kikao kile.

Waziri wetu wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Dakta Leader Stirling, daktari wa upasuaji aliyekuja na UMCA huku kwetu Masasi katika miaka ya 1930, akafanya kazi Lulindi na baadaye Mnero, akachukua uraia wa Tanzania. Wazee wengi wa kusini walikuwa na kovu lililoshonwa na mkono wa waziri. Ni katika wakati wake, mwaka 1977, ndipo ilipopigwa marufuku biashara ya matibabu ya kutafuta faida. Hospitali za misheni ziliendelea, nyingine zikawa hospitali teule za wilaya, lakini daktari hakuruhusiwa tena kufungua duka la tiba. Matibabu yalikuwa haki, na yalikuwa bure.

Mama aliyekuja kujifungua nilipoanza kazi alikuja na kanga zake, kadi ya kliniki na mtu wa kumsindikiza, basi. Vingine vyote alivikuta. Shuka zilikuwa na muhuri wa serikali. Jikoni kulikuwa na mpishi, uji asubuhi, ugali na maharage mchana, na wagonjwa wa upungufu wa damu waliandikiwa yai na mboga za majani. Kadi za wodini zilikuwa za karatasi ngumu, zikihifadhiwa masijala kwa namba, na mama aliyerudi baada ya miaka mitatu tuliweza kusoma namna alivyojifungua mara ya mwisho na damu aliyopoteza.

Glavu zilikuwa za mpira mnene, nasi hatukuzitupa. Baada ya kazi tulizisuuza kwa maji baridi yenye dawa, tukaziosha kwa sabuni, kisha tukazijaribu: unaipuliza glavu hewa kama puto, unafunga mkono wake kwa vidole, unaizamisha ndani ya maji. Kiputo kikitokea, hiyo ina tundu, inawekwa kando kwa kazi za usafi. Nzima tulizianika, tukazinyunyizia poda ndani na nje, tukazikunja jozi jozi ndani ya kitambaa na kuzipeleka kwenye mtungi wa mvuke. Sindano za kioo nazo tulizichemsha juu ya jiko la mafuta ya taa, na sindano iliyopoteza makali tuliinoa kwenye jiwe dogo laini. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na ilitegemea vitu vitatu tusivyovifikiria: mafuta ya taa, sabuni na maji.

Vitu hivyo ndivyo vilivyotuacha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Vita vya Kagera vikafuata 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka foleni za sabuni na za sukari, na kanga zilizogawiwa kwa zamu kwenye maduka ya ushirika. Hospitali haikusimama nje ya hayo. Kitu cha kwanza kuingia kwenye kikapu cha mgonjwa, kwa jinsi nilivyoona mimi, kilikuwa kipande cha sabuni. Tulimwomba mama aje nacho ili shuka aliyolalia ifuliwe. Tuliomba kwa aibu, tukamweleza kwamba ni kwa muda tu.

Kisha chakula. Mpishi alibaki kwenye orodha ya mishahara lakini stoo haikuwa na unga, na ndugu wakaanza kulala nje ya uzio na masufuria yao, mafiga matatu na kuni. Mgonjwa aliyetoka mbali bila ndugu alikula kwa huruma ya jirani yake wa kitanda. Kisha karatasi. Kadi ngumu zilipokwisha, masijala iligawa vipande vilivyokatwa kwenye makaratasi ya zamani, na vipande navyo vilipokwisha, mgonjwa aliambiwa anunue daftari.

Nataka kusema zaidi kuhusu daftari, kwa sababu watu hulichukulia jambo dogo. Ni daftari la shule, kurasa arobaini au themanini, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mgonjwa hulitunza mwenyewe nyumbani. Nimepokea madaftari yaliyoloa mvua, yaliyotafunwa na panya, yaliyochanika kurasa za katikati kwa sababu mtoto alihitaji karatasi ya hesabu. Nimefungua daftari la mama mwenye kifafa cha mimba nikakuta upande mmoja shinikizo lake la damu, upande wa pili madeni ya korosho ya mumewe. Hospitali ilipoacha kuhifadhi kumbukumbu ilipoteza uwezo wa kumjua mgonjwa wake. Mama aliyewahi kupasuliwa anaweza kuja na uchungu usiku, daftari limebaki kwa mama mkwe, na mkunga wa zamu anatafuta kovu kwa mwanga wa koroboi. Leo hospitali nyingi zina kompyuta na mgonjwa ana namba, nami nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini kuna kizazi kizima cha Watanzania ambao historia ya miili yao iliishia kuwa karatasi za kufungia karanga.

Dawa zilikuwa na hadithi yao. Kuanzia 1983 na 1984 ulikuja Mpango wa Dawa Muhimu, kwa msaada wa Denmark na UNICEF. Kila mwezi zahanati ilipelekewa maboksi yaliyofungwa kwa lakiri, yasifunguliwe ila mbele ya mashahidi. Niliwahi kukaimu zahanati moja ya kijiji kwa muda, na siku ya boksi ilikuwa siku kubwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, mwalimu mkuu alikuja, mjumbe wa Umoja wa Wanawake, UWT, alikuja. Tulikata lakiri, tukasoma orodha kwa sauti: klorokwini, aspirini, penisilini ya sindano, chumvi za kuongeza maji mwilini, vidonge vya damu, dawa ya minyoo, mafuta ya macho, dawa ya upele. Mwalimu alihesabu makopo, mjumbe akaweka alama. Sijaona tena, mpaka miaka ya karibuni, wanakijiji wakijua kwa hakika kiasi cha dawa kilichoingia kijijini mwao.

Ubaya wake ulikuwa kwamba boksi liliandaliwa sawa kwa nchi nzima. Milimani ambako mbu ni wachache walipata klorokwini kama sisi wa pwani ya kusini tuliokuwa tunaugua masika yote. Kwetu klorokwini na penisilini zilimalizika kabla mwezi haujafika nusu, huku dawa nyingine zikirundikana mpaka muda wake unapita. Wiki mbili za mwisho wa mwezi watu hawakuja zahanati, walijua. Walioumwa katika wiki hizo walikwenda kwa mwenye duka, au walingoja boksi. Malaria ya mtoto haingoji boksi. Nadhani vifo vingi vya watoto wa miaka ile vilitokea katika pengo hilo, na havikuandikwa popote kwa sababu hawakufika kwetu.

Mwaka 1983 huohuo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa mkoani Kagera. Habari zilitufikia polepole, kwanza kama uvumi wa ugonjwa wa mbali. Zilipofika kama mafunzo, wakunga tulielewa mara moja kinachotuhusu, maana hakuna kazi yenye damu nyingi kuliko yetu. Glavu za kupulizwa na kuanikwa hazikuaminika tena. Sindano za kuchemsha zilianza kuogopwa na wagonjwa wenyewe. Dunia nzima ilikwenda kwenye vifaa vya kutumia mara moja na kutupa, nasi tulitakiwa kufanya hivyo, katika nchi ambayo haikuwa na fedha za kununua hata vile vya kutumia mara mia. Hapo ndipo glavu zilipoingia kwenye kikapu cha mjamzito, na bomba la sindano, na wembe uliofungwa kwenye karatasi yake. Mama alibeba ulinzi wake na ulinzi wangu. Wenzangu waliwahi kukataa kumshika mzazi asiye na glavu, na wananchi wakawaita katili. Mimi niliwajua. Walikuwa na watoto nyumbani.

Julai 1993 ulianza uchangiaji wa gharama za matibabu katika hospitali za rufaa na za mikoa, kisha ukashuka hospitali za wilaya. Miaka miwili kabla yake, 1991, marufuku ya hospitali za binafsi ilikuwa imeondolewa. Serikali ilisema wazi kwamba haiwezi tena kubeba mzigo peke yake, na walioikopesha nchi walitaka hivyo. Sera ilikuwa na misamaha: watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma na wengine wa maradhi ya kudumu, na mtu yeyote asiye na uwezo. Baadaye, sera ya afya ya 2007 iliwaingiza wazee wa miaka 60 na zaidi.

Ukiisoma kwenye karatasi, ni sera yenye utu. Tatizo lilikuwa kwamba aliyesamehewa hakulipiwa na mtu. Hospitali ilimtibu mama bure, ikatumia glavu, uzi, dripu na dawa, na hakuna aliyerudisha gharama hizo kwenye stoo. Wajawazito na watoto ndio waliokuwa wengi kuliko wagonjwa wengine wote, kwa hiyo hospitali iliyofuata sera kwa uaminifu ilimaliza vitu mapema kuliko isiyofuata. Njia iliyobaki ikawa kumwambia mama: huduma ni bure, lakini njoo na vifaa. Orodha ya ukutani ilizaliwa hapo, kwenye mwanya wa ahadi isiyo na fedha. Mwanasiasa alisimama jukwaani akasema wajawazito wanatibiwa bure, mama akaja na maneno hayo mdomoni, na aliyemjibu kwamba hakuna glavu ni nesi wa zamu. Ugomvi mwingi kati ya wauguzi na wananchi katika nchi hii ulianzia pale, na sidhani kama waliousababisha walipata kuusikia.

Msamaha wa asiye na uwezo ulikuwa mgumu kuliko yote. Ilibidi uthibitishe ufukara wako: barua ya mtendaji wa kijiji, kisha ofisi ya ustawi wa jamii, kisha sahihi ya mganga mkuu. Nilimsindikiza bibi mmoja katika safari hiyo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alikuwa na jipu kubwa la paja, anatembelea fimbo. Alifika bila barua kwa sababu mtendaji alikuwa wilayani kwenye semina. Akaambiwa arudi kijijini.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi siombi pesa yao. Naomba wanione tu kwamba naumwa."

Tulikipata cheti cha msamaha siku ya pili, mimi mwenyewe nikizunguka na daftari lake, na alipasuliwa akapona. Lakini nilijua kuna wengine wengi waliogeuka njiani wakarudi nyumbani. Mtu mzima anaona haya kusimama mbele ya watu akisema mimi ni maskini, nipunguzieni. Mabibi wa kwetu waliuza kuku, waliuza debe la korosho kabla ya msimu kwa nusu ya bei, waliuza kanga za sandukuni, ili wasilitamke neno hilo.

Pembeni ya uzio wa hospitali yalichipuka maduka ya dawa. Dirisha la dawa ndani lilikuwa na jibu moja, haipo, kanunue nje, na nje dawa ilikuwepo. Wananchi walihisi kwamba zile za nje zilitoka ndani, na wakati mwingine walihisi kweli. Mshahara wa muuguzi wakati huo haukufika katikati ya mwezi. Wapo walioanza kupokea asante, kisha asante ikawa chai inayotajwa kabla ya kazi. Sitetei hilo hata kidogo. Niliwaona wagonjwa wakirukwa kwenye foleni kwa sababu ya noti mfukoni mwa mwenzao, na mtoto mwenye homa kali akiendelea kungoja kwenye benchi. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya 1993, ilipewa kazi ya kununua na kusambaza dawa kwa nchi nzima, na kwa miaka mingi ikabeba deni kubwa la serikali, mpaka deni hilo likawa hoja ya kila bunge la bajeti. Bohari isiyolipwa haiwezi kujaza rafu.

Huku kusini tulikuwa na taabu yetu ya ziada, nayo ni rufaa. Mgonjwa aliyeshindikana alitakiwa kwenda Muhimbili, na kati yetu na Muhimbili kulikuwa na Mto Rufiji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Masika ikikolea, barabara ilikatika, malori yalizama kwenye tope upande wa Somanga, na watu walilala njiani siku nyingi. Karatasi ya rufaa kwa mama anayetokwa damu katika mwezi wa Aprili ilikuwa karatasi tu. Na hata barabara ilipokuwa kavu, gari la wagonjwa liliomba mafuta kwa ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo dizeli nayo iliingia kwenye kikapu, ikabebwa kwenye dumu la lita ishirini. Kipande cha lami cha Ndundu hadi Somanga kilichukua miaka mingi zaidi baada ya daraja. Watu wa mikoa mingine hawakuelewa kwa nini Wamakonde na Wamakua walishangilia daraja kama wanashangilia mtoto aliyezaliwa.

Vitanda ni habari inayojulikana na kila mtu, sitaikalia. Wagonjwa walilala wawili wawili, mzungu wa nne, na wengine chini kwenye mkeka. Novemba 2015 Rais Magufuli, akiwa na siku chache tu Ikulu, aliingia Muhimbili bila taarifa, akaona watu wamelala sakafuni na mashine za uchunguzi hazifanyi kazi. Fedha zilizotengwa kwa hafla ya ufunguzi wa Bunge akaelekeza zinunue vitanda. Nilifurahi. Wodi yetu ya wazazi, mbali na Dar es Salaam, iliendelea vilevile kwa muda.

Bima zilikuja kwa vipande. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga kuanzia 1996, kaya ikilipa shilingi 5,000 kwa mwaka, kisha ukapewa sheria mwaka 2001. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza na watumishi wa umma, makato ya asilimia 3 kutoka kwa mtumishi na nyingine 3 kutoka kwa mwajiri. Mfuko wa jamii ulioboreshwa ukapanda hadi shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Kwetu watu hukata kadi baada ya kuuza korosho, kuanzia Oktoba. Msimu ukiharibika kadi hazikatwi, na mwaka unaofuata wanaoumwa wanakuja mikono mitupu. Wengine walikata mara moja, wakafika dirishani wakaambiwa dawa hakuna, wakaapa hawatakata tena. Siwezi kuwalaumu. Walilipia dawa wakapewa kadi.

Yapo yaliyobadilika kwa kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Nyuma ya tarakimu hizo kuna vituo vya afya vilivyopewa vyumba vya upasuaji, na wakunga waliopelekwa karibu na watu. Mikoa ya Mtwara na Lindi sasa ina hospitali ya kanda, na mama wa Newala hahitaji tena kuvuka Rufiji. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Humo kuna mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo, na vyanzo vyake vimetajwa, kama vile ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Nimekifuatilia kifungu hicho kuliko vingine vyote, kwa sababu tangu 1993 hatukuwa na jibu la swali la nani anamlipia aliyesamehewa.

Mimi sasa ni mjumbe wa kamati ya zahanati kijijini kwetu. Shehena ya Bohari ikifika tunaitwa, tunaketi kwenye benchi la wagonjwa, maboksi yanafunguliwa mbele yetu, tunahesabu na kuweka sahihi. Glavu ndizo ninazohesabu mwenyewe. Zikipungua kuliko tulizoomba, tunaandika barua kwa mganga mkuu wa wilaya siku hiyohiyo kabla hatujaondoka, na nakala tunaibandika mlangoni pa zahanati, kwa maandishi makubwa, ili kila mama apajue pa kuulizia.